Sauti ya Leland Korongoni

Mchanga ulikuwa umelowa.

Delphine Manygoats aliuchota, akaubinya, ukashikamana kama unga uliotiwa maji. Msimu mzima mvua ilikuwa haijadondosha hata tone. Akaunusa: ulinuka sufu ya kondoo iliyoungua.

"Leland!" akamwita mdogo wake aliyekuwa akiegesha pikapu. "Kuna mtu aliingia humu jana?"

"Aingie vipi, na funguo unalala nazo? Labda mbuzi wako kajikojolea."

Leland akacheka peke yake.

Korongo lile lilikuwa kwenye malisho ya mama yao, na kabla yake ya bibi yao. Ni ufa tu ndani ya mwamba mwekundu, mwembamba hata mtu mnene hupita kiubavu, na ukitazama juu mbingu ni uzi. Jua likifika utosini, mwale mmoja hushuka hadi chini kama nguzo, na kwa ajili ya nguzo hiyo watu huvuka bahari na kamera zao. Leland aliwabeba kwa pikapu, Delphine akawaongoza.

Mgeni wa siku ile alikuwa Anselm, mpiga picha kutoka Denmark, mpole, mrefu kama mlingoti. Aliupiga mwale picha, akatazama kioo cha kamera, akatabasamu.

"Huyu mama ni nani? Amesimama vizuri kweli."

Delphine akachungulia. Ndani ya mwale alisimama mwanamke, amewapa mgongo, nywele zikichuruzika maji. Akainua macho upesi. Mwale ulikuwa mtupu, vumbi tu likielea.

"Ifute," akasema kwa sauti ya chini.

"Niifute? Picha kama hii nimeitafuta maisha yangu yote!"

"Bwana, nakuomba. Ifute, tutoke."

Ndipo Leland alipoita kutoka ndani kabisa, kule kusikopita mgeni. "Dada! Njoo, mguu umenasa! Dada!"

Delphine alikwisha kukimbia hatua kadhaa mkono ulipomshika bega kwa nyuma. Alikuwa Leland mwenyewe, chupa ya maji mkononi, midomo imemkauka.

"Si mimi," alinong'ona. "Dada, naapa si mimi."

Anselm naye alikuwa amesikia yake. "Mke wangu," alisema, uso umemlegea kama wa mtoto mwenye usingizi. "Mke wangu yuko huku." Akapinda kona kabla hawajamdaka.

"Mwache!" Leland alimng'ang'ania dada yake. "Si tuliambiwa tangu wadogo? Ukiitwa humu huitiki, hufuati!"

"Ni mgeni wangu. Nimemwingiza mimi, nitamtoa mimi."

"Na hilo linaloita likikutaka wewe?"

"Linitake! Hapa ni kwa mama yangu. Lenyewe limezaliwa wapi?"

Akajitosa. Kuta zilimbana mabega, harufu ile ya sufu ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na kadiri alivyosonga ndivyo sauti ya Leland ilivyozidi kusogea, mara mbele, mara juu, mara sikioni kabisa kwa pumzi ya baridi, ikimbembeleza, ikimlilia, ikimcheka, na chini yake kamera ikilia ta, ta, ta, hadi alipomkuta Anselm amezama magotini katika mchanga uliokuwa ukichemka bila moto, mikono imening'inia, na kamera shingoni ikijipiga yenyewe bila kuguswa.

Alisimama wima, akafanya kama wafanyavyo watu wa kwao wakikutana na wasiyemjua: akataja koo zake, wa mama kwanza, kisha wa baba.

"Mimi ni wa ukoo wa Maji Machungu!" alipaza. "Nimezaliwa kwa Nyumba Ndefu! Babu zangu wa kwa mama ni Kando ya Maji, wa kwa baba ni Chumvi! Haya, na wewe? Taja ukoo wako!"

Sauti ikaanza, safari hii ya Delphine mwenyewe: "Mimi ni wa Maji Machungu... nimezaliwa kwa... kwa..."

"Kwa nani? Sema! Huna mama, huna baba, unaazima hadi koo za watu! Toka kwetu!"

Kitu kikapita juu yao kama kundi la kondoo lililoshtuka, mchanga ukalegea, na Delphine akamshika Anselm mkanda, akamburuta kinyumenyume hadi mwangani. Mzungu yule aliifuta picha mwenyewe, akilia, asiambiwe na mtu.

Walimleta mzee Hoskie Bitsui, mganga wa kwao atibuye kwa nyimbo, akaja na majivu ya mti wa mreteni. Aliyoyafanya hayasimuliwi, nami sitayasimulia. Alipomaliza alimtazama Delphine.

"Limesogea, mjukuu wangu. Limesogea tu, halijaondoka. Mtafunga korongo?"

"Lifunge lenyewe virago, babu. Sisi tunakwenda wapi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Leland hajapona kabisa. Hadi leo ukimwita haitiki. Huja kwanza akutazame usoni. Lakini pikapu bado anaendesha, na asubuhi Delphine hufungua geti, huwapanga wageni mstari mmoja na kutangulia mbele.

"Nifuateni," huwaambia. "Mkisikia mtu anawaita, mwacheni aite."