Mnong'ono Jukwaani

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipita mtaa wa maduka akiwa amebeba bakuli la chakula cha mama yake. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, na jina hilo la utani likamganda. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Siku hizo aliweka kando nguo za wateja na kushona pazia la mahameli jekundu pamoja na vitambaa vya viti, kwa ajili ya jumba la maonyesho lililokuwa likijengwa upya katikati ya mtaa, akifanyia kazi humo humo.

Jumba hilo lilifungwa kabla Chiriku hajazaliwa. Paa lilibomoka, watazamaji wakatawanyika, na maduka ya jirani yakafungwa moja baada ya jingine mpaka mtaa ukapooza. Waliobaki walishinda wakipiga miayo milangoni. Sasa mlio wa nyundo ulikuwa umewazindua. Kinyozi alipaka kuta zake rangi mpya. Muuza viatu aliosha kioo cha dirisha ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, hakikuwa kimeonja maji tangu alipooa.

Siku moja Chiriku alikuta mafundi wote wametoka kwenda kula, na mama yake amekwenda kununua uzi. Akaingia ukumbini peke yake, akapanda jukwaani, akainua macho.

Darini kulikuwa na ndege. Bwana Rangi, mchoraji wa jumba lile, alikuwa amewachora wakubwa kwa wadogo, mabawa yamekunjuliwa, wakizunguka juu ya viti kana kwamba dari limefunguka. Nusu yao walikuwa wameshatiwa rangi. Wengine walikuwa mistari ya mkaa tu, wakingoja zamu yao. Chiriku alipigwa na butwaa. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, ili awaone wote kwa pamoja. Kisigino chake kikagonga kopo.

Rangi nyeupe ilitapakaa kwenye mbao ambazo fundi seremala alikuwa ametoka kuzipiga vanishi. Chiriku aliangalia huku na huku. Hakuona mtu. Akatimua mbio.

Seremala aliporudi alipandwa na hasira. Kopo lilikuwa la Bwana Rangi, basi hakuuliza mara mbili. Alimwita mzembe mbele ya mafundi wenzake wote. Bwana Rangi alisema alikuwa ameliacha pembeni, mbali na njia. Hakuna aliyemwamini. Alifunga brashi zake kwenye kitambaa, akaondoka, na ndege wake wakabaki nusu.

Tangu siku hiyo Chiriku aliishiwa maneno. Nyumbani mama alimgusa paji la uso kutazama kama ana homa. Njiti, rafiki yake wa darasani aliyeitwa hivyo kwa wembamba, alimwuliza kila siku kulikoni. Hatimaye mchana mmoja walisimama wawili jukwaani, ukumbi ukiwa kimya, na Chiriku akamsogelea sikioni.

"Usimwambie mtu," alinong'ona. "Ile rangi niliimwaga mimi."

"Chiriku," sauti ikajibu kutoka juu, taratibu kabisa.

Njiti alimshika mkono. Chiriku aliona kama jumba lenyewe limemwita. Kisha kichwa kikachomoza katika safu ya mwisho ya viti vya roshani. Alikuwa mama yake, ameinama tangu mwanzo akipigilia kitambaa kwenye kiti. Ukumbi mzima ulikuwa kati yao, na bado kila neno lilikuwa limemfikia.

Mama alishuka bila haraka. Chiriku alingoja kugombezwa, lakini mama alimgusa tena paji la uso.

"Kumbe homa yenyewe ndiyo hii," alisema. "Vaa viatu vyako vizuri. Tunakwenda kwa Bwana Rangi."

Walimkuta nje ya nyumba yake akiandika kibao cha duka. Chiriku alimwamkia, kisha akaeleza yote. Bwana Rangi aliendelea kuandika mpaka akamaliza herufi.

"Ulikuwa unatafuta nini pale jukwaani?" akauliza.

"Nilikuwa natazama ndege, mjomba. Nilirudi nyuma ili niwaone wote."

Mkono wa mchoraji ulisimama. Akasema kwamba amemsamehe, ila hawezi kurudi mahali ambapo bado anaitwa mzembe. Jina lake lilichafuliwa mbele ya watu, na mbele ya watu lisafishwe.

Siku iliyofuata mhandisi aliyesimamia ujenzi aliwaita watu wa mtaa waje kukaa vitini, ajue kama sauti itafika kila pembe bila kipaza sauti. Alipouliza nani atapanda kusema, Chiriku alinyanyua mkono kabla moyo haujamzuia. Alipanda jukwaani. Nyuso zote zilimwelekea, mpaka kule juu roshani, na Bwana Rangi alikuwa amesimama mlangoni.

"Rangi niliimwaga mimi, nikakimbia," alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Bwana Rangi hakukosa kitu. Namwomba radhi, na fundi seremala pia."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Maneno yalikwenda mpaka ukuta wa mwisho. Seremala aliinuka, akapita katikati ya watu wote, akampa mchoraji mkono na kukiri kwamba alihukumu bila kuuliza. Wiki ile nzima, baada ya masomo, Chiriku alipiga msasa mbao zilizochafuka mpaka viganja vikamuwaka, seremala akimwelekeza. Juu yao, Bwana Rangi aliwatia ndege rangi, mmoja baada ya mwingine.

Siku ya ufunguzi mtaa ulifurika. Milango iliyokuwa imefungwa miaka mingi ilikuwa wazi, na kinyozi alikuwa na foleni mpaka barabarani. Ndani, Chiriku alikaa kati ya mama yake na Bwana Rangi, shingo ameipinda kutazama juu. Ndege wote walikuwa wamekamilika.

Mchoraji alimwinamia. "Kumwaga rangi ni ajali, hata mimi nimeimwaga mara nyingi," alisema. "Kilichoniumiza ni kwamba kulikuwa na mtu anayejua ukweli, na akanyamaza. Ukikosea, sema mapema, mwenzako asije akabeba mzigo wako."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Taa zikafifia. Pazia jekundu likaanza kufunguka polepole, na ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, kama mtu mmoja.