Kijiko Kilichosimama

Kijiko kilikuwa kimesimama wima juu ya meza ya kupigia pasi, kwa ncha ya mpini, bila kuegemea kitu. Mtu mwingine angetoka nduki. Dobi alisema "Lo!" kisha akakipiga picha kwa simu yake.

Ndiyo maana mtaa ulimwita Mama Lo. Tangu mumewe afariki, kilichomfurahisha ni vijimambo: kinyonga kwenye kamba ya nguo, kitufe ndani ya mkate, paka aliyelala kwenye karai. Alivipiga picha na kuvituma kwenye kundi la familia, kwa bintiye na wanawe wawili, wote wa mbali. Alama zilionyesha wameona. Hakuna aliyejibu. Kazi zimewazidi, alijiambia, lakini ilimuuma.

Picha ya kijiko nayo haikujibiwa. Ila nyuma ya mashuka yaliyoanikwa chumbani mtu alicheka taratibu, kama aliyesifiwa. Dobi alifunua shuka. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya nguo mbichi iliyoungua, na pasi ilikuwa ya baridi.

Tangu hapo hakukosa picha. Alikuta mashati ya wateja yameketi vitini, mikono mapajani. Alikuta vikombe vimening'inia ukutani bila msumari. Kila aliposema "Lo!" kicheko kiliitika, naye, aibu iliyoje, akaanza kukisubiri. Alifika hadi ya kukiwekea chai. Tusimcheke, mpweke hachagui mgeni.

Mchana mmoja akakuta mezani kiatu cha mtoto. Alikijua, yeye mwenyewe alimnunulia mjukuu wake. Ndani kilikuwa bado na joto la mguu. Simu ikaita, bintiye huyo, baada ya miezi.

"Mama, hapa kuna jambo. Mtoto kakaa mbele yangu, mara kiatu hakipo mguuni. Eti kuna mtu kamvua."

Mteja wake mmoja alikuwa mganga. Alisikiliza yote mlangoni, akakataa kuingia.

"Ni jini, na anakupenda," alinong'ona. "Ubaya ndio huo. Leo kakuletea kiatu. Kesho atakuletea mwenye mguu."

"Nifanyeje, ndugu yangu?"

"Anakula mshangao wako. Basi usishangae. Uone nini, sema 'kawaida', endelea na kazi. Akishinda njaa, atahama."

Jioni hiyo dobi alipiga pasi bila kuinua macho. Viti vilipanda darini, akasema kawaida. Maji ya ndoo yalisimama bila ndoo, akasema kawaida. Kisha shuka moja likajitoa kambani, likajikunja likawa na mabega, likawa na kichwa, likaja polepole likiburuta mguu wa kushoto kama alivyouburuta marehemu mumewe, likakohoa kikohozi chake kilekile cha asubuhi, likasimama karibu naye kiasi kwamba alisikia pumzi shingoni, likamwita kwa lile jina la chumbani ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulijua.

"Kawaida," alisema dobi, na machozi yake yakachuruzika juu ya pasi ya moto, yakalia chwii.

Shuka likaanguka. Harufu ikatoweka. Nyumba ikawa kimya, kimya ambacho hata chai haikuweza kukipunguza, naye akaacha kupiga picha.

Siku zilipita. Asubuhi moja simu ililia: kundi la familia. Bintiye, kwa mara ya kwanza, alikuwa ametuma picha. Mjukuu anacheka, viatu vyote viwili miguuni. Nyuma yake vikombe vimening'inia ukutani bila msumari.

"Lo! Mama, ona hii! Nimekukumbuka."

Maneno hayo alikuwa ameyasubiri miaka. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mwisho akaandika: "Kawaida, mwanangu. Kawaida tu. Msishangae."

Alama zikaonyesha wameona. Hakuna aliyejibu.