Digrii Kumi Kushoto

Pikapu ilipoacha barabara na kuserereka bondeni, ni misonobari miwili iliyoizuia, na mmoja ulipasua mlango pamoja na paja la Edmund. Faustina alikaza kitenge juu ya jeraha la mumewe kwa nguvu zake zote, lakini damu iliendelea kuchuruzika. Nyuma yao kilima kilikuwa kimeporomoka na kufunga njia ya Mgololo. Simu haikushika mtandao. Ukungu ulikuwa mzito, na hiyo misonobari, Mungu aisamehe, yote imepandwa kwa mistari na yote inafanana.

Wa kutegemewa mle garini alikuwa Liberatus tu, kaka yake Edmund, mpiga mizinga mstaafu wa jeshi la majini, mwenye dira shingoni na mdomo usiopumzika.

"Daraja la matrekta ya magogo liko mashariki, kilomita mbili, digrii tisini," alisema. "Tutashika themanini. Geuza omo huku."

"Shemeji, omo ndiyo nini?"

"Mbele ya chombo."

"Chombo gani? Huyu ni mume wangu!"

Walimlaza Edmund juu ya turubai wakaanza kumburuta. Viganja vilichubuka. Kila baada ya hatua mia Liberatus alisimama kusoma dira, na kila aliposimama Faustina alitamani kuitupilia mbali. Edmund aliomba maji mara mbili, kisha akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomtisha mkewe.

Baada ya saa moja na nusu wakafika mtoni. Daraja hakuna.

"Nilijua!" Faustina alipiga kelele, machozi ya hasira yakimtoka. "Si ungefuata hiyo tisini yako! Sasa tupande au tushuke?"

"Kulia." Liberatus alikuwa anahema. "Ningelenga daraja lenyewe, tukapotoka kidogo, tungejuaje liko upande gani? Risasi ya kwanza ya mzinga unaikosesha upande unaoujua, ya pili unarekebisha. Nimekosea kushoto makusudi."

"Na hukuniambia!"

"Ungekubali?"

Faustina alishika turubai. Hatua mia nne. Mia tano, bado maji na mawe tu. Akamlaani kimoyomoyo pamoja na meli zake zote. Kwenye mia sita na kitu wakasikia trekta likinguruma darajani.

Dereva aliruka chini, akaweka vidole shingoni mwa Edmund. "Anapumua, mama. Tumpandishe haraka."

Faustina alitaka kumshukuru shemeji yake, akashindwa. Bado alikuwa na hasira. Akajibana pembeni mwa tela, kando ya Edmund, kuacha nafasi.

"Panda, shemeji. Mshike kichwa. Akiamka akuone wewe kwanza."