Pipa la Zdeněk na Kura ya Maharamia

Zdeněk Hrubeš alikuwa mtu wa soseji. Kila Jumamosi alizikausha kwa moshi katika kibanda nyuma ya nyumba, na mtaa mzima ulimeza mate.

Mwaka ule halmashauri ya mji ilifunga kidude cha kupima uzito kwenye kila pipa la taka. Matokeo yaliwekwa kwenye tovuti ya mji, nyumba kwa nyumba. Madiwani walisema watu wataona haya na kupunguza taka. Watu hawakuona haya. Walichungulia mapipa ya wenzao.

"Zdeněk, pipa lako limenona!" walimtania baani. "Ni mifupa au chupa?"

Zdeněk alicheka nao. Kisha yeye na mkewe Drahomíra wakaenda mji wa Brno kumwona mjukuu mchanga. Waliporudi, kibanda kilikuwa wazi. Soseji hakuna. Baiskeli ya Drahomíra hakuna.

Polisi waliyemwita alifungua tovuti ya mji kwenye simu yake. "Mzee, pipa lako lilikuwa sifuri wiki nzima. Mwizi alisoma tu, akajua hampo."

"Yaani nimechongewa na pipa langu mwenyewe?"

Akasaga meno kwa hasira hadi jino likapasuka. Ndivyo alivyofika kwa jirani yao Radka Vondrová, daktari wa meno, aliyegombea udiwani kwa Chama cha Maharamia.

"Fungua mdomo, jirani," Radka alisema. "Sisi tunataka ukurasa ule wa mapipa ufungwe. Utatupigia kura?"

"Aaa-aa!"

"Sijasikia. Tema hapa."

Zdeněk akatema. "Maharamia? Nchi yetu haina hata bahari! Nimeibiwa, halafu niwachague wezi?"

Radka akacheka. "Hilo lilikuwa tusi. Waliitwa hivyo watu waliogawiana nyimbo na vitabu kwenye mtandao. Wenzetu wakalichukua, wakalifanya jina. Fungua tena. Tunachotaka ni hiki: mambo ya halmashauri yawe wazi, ya nyumbani kwako yawe yako. Hapa wamegeuza. Taka zako zinajulikana hadi Brno, lakini pesa za mji zinakwenda wapi, nani anajua?"

"Haa-u-u!"

"Hakuna mtu. Umesema kweli."

Zdeněk akatema tena. "Lakini ninyi ni wachache, Daktari. Kura yangu itapotea. Mara iliyopita nilibaki nyumbani, na kweli mkashindwa."

"Tulishindwa kwa sababu mlibaki nyumbani! Chama lazima kipate angalau kura tano katika kila mia. Kisipofika hapo, hakipati hata kiti kimoja. Kikifika, kinagawiwa viti kulingana na kura zake. Sisi tulikosa kidogo tu."

Zdeněk alitoka upande mmoja wa mdomo umekufa ganzi kwa sindano, akaanza kampeni siku hiyohiyo. Alianza kwa mjane Hedvika.

"Mama, pipa lako linasema nini juu yako?"

"Linasema namaliza bata mzima peke yangu," Hedvika akajibu. "Nisaini wapi?"

"Husaini, Mama. Unakwenda kuwapigia kura Maharamia; vituo viko wazi siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Ila usibaki nyumbani."

Akaenda mlango hadi mlango. Drahomíra alimfuata nyuma akitafsiri, maana ganzi ilifanya maneno yatoke kama uji.

Kura zilipohesabiwa, Maharamia walipata kiti kimoja tu, cha Radka. Baani wakamcheka Zdeněk. Lakini vyama viwili vikubwa vilikuwa vimepata viti sawasawa, na hakuna kilichoweza kuongoza bila Radka. Meya, aliyeongoza kimoja cha vyama hivyo, alimpelekea maua. Mpinzani wake wa chama cha pili akapeleka keki. Radka akapokea vyote, akawaambia sharti lake ni lilelile.

Ukurasa wa mapipa ukafungwa. Mahali pake halmashauri ikaweka mikataba yake yote, kila mtu aisome.

Jioni moja meya aliingia baani, akaagiza bia. Kabla hajaionja, Hedvika akamsogelea na simu mkononi.

"Meya, hapa mnasema benchi la bustani limechongwa Italia. Seremala wetu alikuwa mgonjwa?"

"Na hii chemchemi mliyoijenga?" akadakia mwingine. "Mbona haitoi maji?"

Meza zote zikamgeukia. Meya akavuta kiti, akaanza kueleza. Alieleza mpaka povu la bia yake likaisha lote.