Mchoro Uliojaza Karatasi

Kila Jumamosi, Rwamba akishaosha vyombo na kuwapa ng'ombe majani, alishuka hadi sokoni Kianjokoma kumsaidia shangazi yake, Ednah, ofisini. Shangazi Ednah alichora nyumba kwa kompyuta. Kwanza aliijenga nyumba nzima kwenye kioo, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kabeji, kisha akatoa mchoro ulioonyesha juu, mbele na ubavuni kwa pamoja. Fundi Kivuti, seremala wa pale kijijini, aliipenda sana michoro hiyo. Ukiweka rula kwenye ukingo wa ukuta, sentimita moja ya karatasi ilikuwa sentimita ishirini za ardhini.

Jumamosi moja shangazi aliitwa Embu mjini. "Chapisha banda la kuku la Cucu Wambeti, umpe fundi," alimwagiza Rwamba. "Skeli ni moja kwa ishirini. Usiguse kitu kingine."

Rwamba akachapisha. Banda likatokea kwenye kona ya karatasi, dogo, limejikunyata kama lililonyeshewa. Akalihurumia. Kwenye kompyuta palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "jaza karatasi". Akakibonyeza. Safari hii banda likatoka kubwa maradufu, la kupendeza, na chini yake bado pameandikwa moja kwa ishirini. Akampelekea Fundi Kivuti mbio.

Jumatano jioni, akitoka shuleni, alikuta majirani wamejaa kwa Cucu Wambeti. Nyanya huyo alikuwa amesimama ndani ya banda, kofia kichwani, wala hakuinama.

"Kivuti, hawa ni kuku ama ni ngamia?"

"Cucu, nimefuata karatasi."

"Na hapa pa kutagia?" Akaketi ndani ya kisanduku cha kutagia, akaenea vizuri. "Nitage mimi?"

"Nilidhani unaleta kuku wa kisasa."

"Nina kuku saba. Humu itabidi wapigiane simu."

Majirani wakacheka. Fundi hakucheka.

"Mbao zangu zote zimeisha na paa bado," Cucu akaendelea, sasa kwa ukali. "Kesho usirudi. Na yale mabenchi ya kanisa uliyoahidiwa kutengeneza, nitawaambia watafute mtu anayejua kupima."

Fundi Kivuti aliokota nyundo yake polepole, macho chini. Hakuna aliyemtazama Rwamba. Angeweza kupita zake, akanywe chai nyumbani.

"Cucu, si yeye," alisema. "Ni mimi. Niliukuza mchoro ili upendeze."

Shangazi Ednah aliitwa, akaja na mchoro mpya na futi ya kupimia. Alipima, akapumua. "Afadhali mbao zimezidi urefu. Zikikatwa, zitakazobaki zitatosha kuezekea paa. Zingekuwa fupi, tungelia."

Cucu Wambeti akatoka kisandukuni akishikwa mkono na fundi. "Nisamehe, Kivuti. Mabenchi ya kanisa ni kazi yako. Lakini lile ninalokalia mimi mbele ulipime mara mbili."

Shangazi akamgeukia Rwamba. "Fundi haoni kilicho kichwani mwangu, anaona karatasi tu. Ukibadilisha ukubwa ukaiacha nambari ile ile, umemdanganya mtu anayekuamini, hata kama nia yako ilikuwa njema. Lakini umesema ukweli kabla ya kuulizwa, na kwa hiyo Kivuti bado ana kazi. Hilo usiliache hata ukiwa mkubwa." Akampa ncha ya ubao. "Sasa shika hapa, fundi akate."