Nyumba ya Makka Niliyoitunga

"Alhaji Kondo, ile nyumba uliyonielekeza kule Makka..."

Jamani, nikajua leo naumbuka!

Ilikuwa 1971, kijiji chetu cha ujamaa karibu na Kilangali. Uani watu wamejaa kumpokea Mzee Mwinjuma, fundi cherehani, ndiyo kwanza ametoka kuhiji. Mimi nimeketishwa mbele kabisa, kwenye mkeka wa heshima. Eti na mimi Alhaji!

Wakuu, Makka sijawahi kukanyaga.

Ngoja niwaeleze...

Miaka mitatu nyuma nilivuka mpaka kwenda Mombasa. Mpango ulikuwa safi tu: nibebe magunia bandarini mwaka mmoja, nipate nauli, nipande meli nikahiji, kisha nibaki Makka mwaka mzima nikisoma dini. Kijiji kizima kilinisomea dua.

Mombasa nikakutana na dansi. Nikakutana na kamari.

Meli ya mahujaji iliondoka mimi nimesimama gatini, nimetoka kuwapakilia wenzangu mizigo yao!

Nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Nikakaa hukohuko mpaka miaka miwili ikatimia, nikarudi na kanzu mpya, tende za sokoni... na uongo.

"Makka ulifikia wapi, Alhaji?" Mzee Mwinjuma aliniuliza wiki ileile.

"Kwa Sheikh Hamdani. Nyuma ya soko la tende, mlango wa kijani. Ukitaja jina langu tu, unalala bure."

Nilijitungia! Sikujua mzee wa watu anashika kila neno. Haukupita muda akauza cherehani, baiskeli na mbuzi wake wote. Akaondoka.

Sasa karudi. Kakonda, mashavu yameingia ndani. Ananitazama mbele ya kijiji kizima...

"Ile nyumba niliifikia. Sheikh anakusalimu sana."

"Allahu Akbar!" watu wakaitikia.

Nyumba ipi?!

Watu walipotawanyika nikamfuata ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee... ile nyumba..."

"Haipo," akasema taratibu. "Nimeitafuta siku nne. Kila ninayemuuliza ananishangaa. Nikalala kwenye baraza za watu mpaka nikaugua homa."

"Sasa mbona umesema...?"

"Mwanangu, nimetoka kumwomba Mungu anisitiri aibu zangu. Nirudi huku nikuvue nguo wewe?"

Nililia kama mtoto. Bora angenizaba kofi!

Ijumaa, baada ya swala, nikasimama. Nikasema yote: kamari, dansi, Sheikh Hamdani wa kubuni. Mtu mmoja akatema mate nje ya dirisha.

Wiki hiyohiyo kwao Mwanvua, mchumba wangu, wakarudisha posa. Sikuwalaumu.

Mzee Mwinjuma peke yake ndiye aliyenijia.

"Sina cherehani tena, na mgongo huu hauwezi jembe. Kesho njoo na la kwako."

Nikamlimia. Misimu saba, hadi alipofariki. Hakunitajia tena Makka hata siku moja.

Ndugu zangu wa humu, usidhani uongo wako utakuaibisha wewe tu. Kuna mtu anauamini, atauza alichonacho aufuate.

Nami jina nilishapewa. Mpaka leo ukifika huku ukimuulizia "Alhaji wa Mombasa", hata watoto watakuleta mlangoni kwangu.

Naitika.