Taji la Maziwa

Kila Jumamosi Chiriku alifagia studio ya shangazi yake na kufuta vumbi. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Jumamosi hii alikuwa ametulia kama maji mtungini.

Mapazia yalikuwa yamefungwa, chumba giza. Shangazi, ambaye ni mpiga picha, alikuwa amesimama tangu asubuhi. Kiwanda cha maziwa kilitaka picha ya tone likianguka sahanini na kuruka juu mfano wa taji. Picha ilitakiwa saa kumi alasiri, na sasa ilikuwa imepita saa tisa.

"Haya, dondosha," Shangazi alisema kwa sauti iliyochoka.

Chiriku alidondosha tone. Flashi, ile taa ya kupigia picha iliyosimama kando, ilimulika mara moja gizani. Kwenye kioo cha kamera taji lilionekana kama limepakazwa kwa kidole.

"Tena."

Walirudia mpaka wakapoteza hesabu. Mwishowe Shangazi aliketi juu ya ndoo, akafikicha macho.

"Ni macho haya, mwanangu. Hayajui tena pa kulenga. Nitawaambia watafute mtu mwenye macho mazima. Na studio yenyewe, naona niifunge tu."

Chiriku aliomba kimoyomoyo, "Ee Mungu, tone moja tu litoke vizuri." Akaomba tena, na sala ikawa nzito kuliko ya kwanza. Alijua hakuwa anaomba msaada. Alikuwa anaomba asigundulike.

"Na wewe leo umemeza nini?" Shangazi aliuliza. "Hata umbea wa darasani hakuna?"

"Shangazi, si macho yako." Machozi yalimtoka. "Ni mimi. Asubuhi nikifuta vumbi nilizungusha kile kitufe cha flashi hadi mwisho. Nilidhani mwanga ukizidi, picha itakuwa nzuri zaidi."

Shangazi alijikokota hadi kwenye flashi, akainama, akatazama. Kisha akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Kumbe! Picha zilipozidi weupe nilibana tundu la lenzi ili mwanga upungue, nikasema ni maziwa yanavyong'aa. Sikiliza. Gizani humu flashi ndiyo inayopiga picha. Nguvu ikiwa ndogo, inawaka na kuzimika kufumba na kufumbua, tone halipati nafasi ya kusogea. Ukiijaza nguvu, inakawia kuzimika, na tone linatoroka mbele yake."

Alirudisha kitufe chini, akalifungua tundu la lenzi, akaisogeza flashi karibu na sahani. Tone la kwanza walilikosa. La pili likaruka kombo. La tatu lilisimama kiooni: taji jeupe, na kila ncha yake imebeba kitone cha maziwa kama ushanga.

"Alhamdulillahi, nashukuru, Mungu wangu," Shangazi alinong'ona, akaketi tena juu ya ndoo. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Utanipiga?" Chiriku aliuliza.

"Nguvu za kukupiga nizitoe wapi? Chukua kitambaa ufute maziwa yote haya." Kisha akamvuta karibu. "Kugusa usichoruhusiwa ni kosa, na kosa hilo tumelirekebisha kwa kuzungusha kitufe. Lakini kimya chako kilinifanya nijione kipofu siku nzima. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mwingine hajaanza kujilaumu kwa ajili yako."

Chiriku alipiga magoti, akaanza kufuta sakafu. Punde si punde akaanza kusimulia habari za darasani.